Ukimya Nilioukata Katika Sauti ya Mwamvita

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi, Babati mjini
Tarehe na saa: 9 Machi 2026, saa nne asubuhi
Jina: Gaudiosa Leonard Hhando
Umri: Miaka 44
Kabila: Mwiraqw
Dini: Mkristo
Kazi: Mwandishi wa habari na mtangazaji wa redio
Makazi: Maisaka, Babati
Kuhusu: Mwamvita Shabani, aliyekamatwa sokoni tarehe 7 Machi 2026

Mimi niliyetajwa hapo juu nimefika kituoni kwa hiari yangu, sikuitwa na mtu. Nimekuja kwa sababu ya Mwamvita, ambaye mnamshikilia hapa kwa kukosa kibali cha kuishi nchini, na ambaye pia anasemwa kuwa ni mtu wa wapiganaji walioteka mji wake huko nchi jirani. Kitu kinachooneshwa dhidi yake ni sauti iliyo kwenye simu ya Bwana Eliya, muuza vitenge wa hapa sokoni. Sauti ile niliirekodi mimi. Kwa hiyo hata mngenifukuza mlangoni, ningekaa pale nje kwenye benchi mpaka mtu aje kuniandika.

Anayeniandika ni Koplo Wilson Lekakeny. Ananifahamu kwa redio, na ameshaniambia mara mbili nisiongee kama niko hewani. Nitajitahidi.

Mnamo Februari mwaka jana, 2025, niliomba likizo redioni nikaenda kwenye mji huo kwa ajili ya idhaa moja ya Kiswahili iliyoko nje, ambayo huwa naipelekea habari. Mama yangu mzazi alininunia. Alisema, "Vita ya watu unaifuata ya nini? Ya kwetu ya mashamba na ng'ombe haikutoshi?" Nilimjibu kwamba ni kazi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka kusoma matangazo ya minada na vifo, na mimi nikataka nisikike mbali. Jina la mji silisemi. Afande ameniuliza na nimekataa, kwa sababu watu walionisaidia bado wako kule. Mwamvita akitaka kuutaja ni juu yake, ni kwao.

Nilipofika, mji ulikuwa bado wa serikali, ila mizinga ilikuwa inasikika upande wa milimani. Nilipanga chumba kwa Mwamvita. Ni mjane, alikuwa anauza dagaa na samaki wakavu kwenye lango la soko, na ana binti mmoja, Hadija, ambaye wakati ule alikuwa na miaka tisa. Tulizoeana haraka. Aliniita Dada Gaudi, na alinicheka jinsi ninavyokula samaki na kutema miiba kila mahali, akisema inaonekana kwetu samaki tunawaona kwenye picha.

Mnamo tarehe 4 Machi 2025, saa tisa alasiri, mabomu yalianza kuanguka mtaani kwetu. Nilikuwa barabarani na jirani mmoja, kinasa sauti mkononi. Nilitaka kukimbia, miguu ikagoma. Mwamvita alitoka ndani, akakamata mkanda wa begi langu, akanivuta hadi chini ya kitanda chake. Yule jirani niliyekuwa nimesimama naye pale barabarani alikufa. Kama leo nina mdomo wa kutolea maelezo, afande, ni kwa sababu ya huyo mliyemfungia humo ndani.

Tulikaa chini ya kitanda watatu, Hadija katikati. Alikuwa analia bila sauti, na mimi kulia kwa namna ile kwa mtoto kunanimaliza. Nikaanza kumsimulia habari za kwetu. Nilimwambia tuna ziwa lenye viboko, na viboko wakitoka kula mahindi ya watu, wenye mashamba wanapiga madebe kuwafukuza. Akauliza, "Na bunduki?" Nikamwambia bunduki hakuna, ni madebe tu na kelele. Alicheka. Mwamvita akasema nchi ya kupiga madebe lazima iwe nchi nzuri. Nikamjibu, "Basi karibu Babati. Karibuni wote wawili, siku moja mje." Naomba neno hilo liandikwe kama nilivyolisema.

Mwisho wa wiki ile wapiganaji waliingia. Afande anataka niende moja kwa moja kwenye sauti, lakini bila haya ninayoyasema sauti haieleweki. Asubuhi ya kwanza, kibao cha ofisi kuu ya mji kilipakwa rangi na kuandikwa upya wakati maiti walikuwa bado hawajaondolewa upande wa pili wa barabara. Kwenye mitaro ya maji kulijaa sare za askari waliokimbia. Saluni za wanaume hazikupumua, kila kijana alitaka anyolewe kipara asije akafananishwa na askari. Redio za pale zilipiga muziki kutwa nzima, taarifa ya habari hakuna. Na bado watu walipika, na Jumamosi kulikuwa na harusi mtaa wa pili, bibi harusi akatembea kwa miguu na wapambe wake bila ngoma wala vigelegele. Nilisimama kumwangalia, nikalia, na simjui.

Jumatatu watu waliitwa uwanjani kuwapokea wakubwa wapya. Kulikuwa na diwani mmoja ambaye wiki mbili kabla nilimhoji akaniapia kwamba atakufa na mji wake. Nilimkuta amekaa jukwaani mstari wa pili, na suti ileile. Aliponiona aligeuza uso. Watu walipiga makofi, lakini walikuwa wanaangalia mikono ya wenzao kwanza: mwenzako akipiga na wewe unapiga, akiacha unaacha. Nilishangaa sana siku ile. Usiku wake Mwamvita aliniambia, "Dada, usishangae. Na wale waliokimbia, walipoingia tuliwapigia hivihivi."

Sasa naingia kwenye sauti. Mnamo Jumatano tarehe 12 Machi 2025, saa tano asubuhi, msemaji wa wapiganaji alitutembeza sisi waandishi sokoni ili tuone kwamba maisha yamerudi. Alikuwa mtu wa tabasamu, mpole, anasalimia kina mama kwa heshima zote. Nyuma yake kulikuwa na vijana wenye silaha, nao pia walikuwa wapole. Kwenye lango alisimama mbele ya meza ya Mwamvita. Mimi na yeye tulijifanya hatujuani, tulikuwa tumekubaliana hivyo nyumbani. Msemaji akamwambia, "Mama, waambie hawa watu wa redio mmetupokea namna gani." Mimi nikasogeza kinasa sauti mbele ya mdomo wake.

Mwamvita alinyamaza. Alikuwa ameshika kisahani cha kupimia dagaa, akakiweka chini. Aliangalia nyuma alipokuwa amekaa Hadija, kisha akaangalia mkono wangu. Nilisikia mkaa unapasuka kwenye jiko la jirani na mtoto mchanga analia mbali huko. Msemaji alikuwa bado anatabasamu. Kisha Mwamvita akasema, "Karibuni. Karibuni sana. Sasa tutalala." Msemaji akasema asante mama, tukaenda meza nyingine.

Mchana huohuo nilikaa chumbani nikahariri. Niwaeleze kidogo kazi yetu, kwa sababu kosa liko humo. Redio haivumilii ukimya. Hata hapa Babati, nikinyamaza kidogo tu hewani, simu zinaanza: "Dada Gaudi, mmekatika? Umeme umeenda?" Tangu siku ya kwanza kazini unafundishwa kwamba ukimya ni uchafu, unaukata kama unavyochambua mchele. Nilipofika kwenye swali la msemaji na jibu la Mwamvita, mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikaukata. Nikaunganisha swali na jibu, ikawa anaulizwa tu, papo hapo anajibu "Karibuni, karibuni sana", kwa sauti ya mtu aliyekuwa anangoja kuulizwa.

Nilisikiliza mara moja, nikaona imekaa vizuri sana. Nikaituma, na mwishoni jina langu. Wakubwa wangu kule nje walinisifu. Hapa nyumbani watu walimpigia mama simu kumpongeza, hata akaacha kuninunia. Naona aibu kusema kwamba nilifurahi, lakini nilifurahi.

Mnamo tarehe 20 Machi 2025 niliondoka. Kwenye vizuizi walikuwa wanafungua simu na vifaa vya waandishi, na mwenzangu mmoja alikuwa amepigwa kwa picha alizokutwa nazo. Kabla ya kizuizi cha kwanza nilifuta kila kitu. Kwa hiyo rekodi kamili, yenye ukimya wake, haipo tena duniani. Iliyobaki ni ile niliyoikata. Afande ameniuliza kama nina uthibitisho mwingine. Sina, afande. Nina neno langu tu, na neno langu ndilo lililomleta Mwamvita hapa.

Mnamo tarehe 14 Septemba 2025, saa kumi jioni, nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Sauti ikasema, "Dada Gaudi, tumefika. Tuko standi." Nilimuuliza standi ya wapi. Akasema, "Ya kwako. Babati." Nilikuwa jikoni nasonga ugali, nikauacha. Niliwakuta wamekaa juu ya furushi moja, Hadija amekonda, miguu imevimba. Kitu cha kwanza alichoniuliza mtoto yule ni viboko wako upande gani. Nilimkumbatia tu.

Nyumbani Mwamvita alinieleza. Ile sauti ilikuwa imezunguka kwenye simu za watu mji mzima. Waliofiwa waliisikia, majirani waliisikia. Kwanza waliacha kununua samaki wake, baadaye wakaacha kumwamkia, mwishowe mlango wake ukachomwa moto na yeye yuko ndani na mtoto. Sikutegemea angeniangalia usoni baada ya hapo, ila hakunilaumu hata kidogo. Alisema, "Si ndiyo sauti yangu? Niliyasema." Ningependa angenitukana. Mpaka leo ningependa anitukane, nipumue.

Nimeulizwa kwa nini sikuwapeleka kwa mwenyekiti wa mtaa kuandikishwa. Nilijua inatakiwa. Nilijua pia kwamba wakiandikishwa watapelekwa kambini, na Mwamvita aliniomba wapumzike kwanza. Nikasema wiki ijayo. Wiki hiyo ilipofika nikasema baada ya Krismasi. Mama yangu aliwapokea kama wanawe, ingawa siku ya kwanza alininong'oneza kwa Kiiraqw, "Ndio hao uliowafuata?" Hadija anachota maji na wenzake, anawaamkia wazee wa Maisaka shikamoo bila kukumbushwa. Mwamvita alianza kukaanga samaki wa ziwani na kuwapeleka sokoni kwenye beseni, na wateja walimpenda kwa sababu ana maneno ya kuchekesha.

Mnamo Jumamosi tarehe 7 Machi 2026, majira ya saa sita mchana, nilikuwa naelekea sokoni kumpelekea chumvi. Nilikuta watu wamejaa. Bwana Eliya alikuwa amenyanyua simu juu, ameiwasha kwa sauti ya mwisho. Nilisikia, "Karibuni. Karibuni sana. Sasa tutalala." Halafu nikasikia jina langu, kwa sauti yangu mwenyewe, nikilitaja kwa madaha. Eliya ni mtu wa mji uleule, amekaa Babati miaka mingi na vibali vyake viko sawa. Alikuwa analia. Alisema, "Mdogo wangu waliua wiki ileile! Wiki ileile, na huyu mama anawaambia karibuni! Leo yuko hapa anatukaangia samaki!"

Mwamvita alisimama na beseni lake kichwani. Nilipenya katikati nikamwambia Eliya, "Kaka, ngoja nikueleze ilivyokuwa." Akanijibu, "Dada, mimi na wewe hatuna ugomvi. Wewe ulitangaza tu." Maneno hayo nimeyarudia kichwani toka juzi. Mgambo walikuja, wakamuuliza Mwamvita kibali, hana, wakamleta hapa. Beseni la samaki nilibaki nalo mimi. Simlaumu Eliya. Angemchukia nani mwingine, wakati alichopewa kusikia ni kile nilichompa?

Leo asubuhi, kabla ya kuanza kuandika, Koplo Wilson aliniruhusu kuongea na Mwamvita mbele yake. Nilimwambia, "Mwambie afande kwamba walikulazimisha. Mwambie walikuwa na bunduki." Nilikuwa nimeshapanga maelezo yangu yote juu ya hilo, nimeyapanga usiku kucha. Mwamvita akatikisa kichwa. Akasema, "Hapana, dada. Hakuna aliyenigusa. Nilikuwa nimechoka. Mtu ameingia kwako na bunduki, utamwambia nini, toka? Tulimwambia karibu huyu, na yule wa kabla yake, na yule mwingine. Ni salamu tu."

Nikamuuliza, "Na pale uliponyamaza, ulikuwa unafikiri nini?"

Akafikiri kidogo. "Sikumbuki," akasema. "Labda nilikuwa nafikiria dagaa."

Afande alicheka, na mimi nikacheka, na Mwamvita naye. Kisha akaniambia, taratibu tu, bila ubaya wowote, "Wewe uliniambia karibu Babati. Mimi nikaja."

Hapo ndipo nilipokaa chini. Kwetu huku mtu akikupita unakula unamwambia karibu, hata kama sahani ina mabonge mawili, na yeye anajibu asante nimeshiba hata kama ana njaa. Ndivyo tulivyolelewa. Siku ile chini ya kitanda nilimwambia karibu kwa namna hiyo. Sikudhani atakuja. Nitakuwa mwongo nikisema nilidhani. Nilimwambia ili mtoto anyamaze na mimi nijione mtu mwema, nikaondoka na sauti yake begini.

Kwa hiyo siwezi kusema alilazimishwa, maana yeye mwenyewe amekataa. Siwezi kusema aliwapenda, maana nilikuwepo na sikuona upendo wowote. Ninachoweza kuapia ni kwamba kabla ya kujibu alinyamaza, na ukimya ule ulikuwa mrefu kuliko jibu lake. Ulikuwa na nini ndani yake sijui. Ningeuacha mahali pake, Bwana Eliya angeusikia, na majirani wa Mwamvita wangeusikia, kila mtu akaamua mwenyewe. Sasa haupo, na mimi ndiye niliyeuondoa kwa sababu haukuwa mzuri hewani.

Nikiwa nataka kumaliza, Koplo Wilson aliweka kalamu chini. Aliniambia, "Mama Brayson, kuna swali moja na nitaliandika pamoja na jibu lake. Fikiri kwanza. Kama huyu mama alikuja tu mwenyewe akakuangukia mlangoni, hiyo ni habari moja. Kama ni wewe uliyemwita, ukamweka ndani miezi yote hii bila kumwandikisha, hiyo ni habari nyingine, na inakuja juu yako. Lakini kwake pia ni tofauti, kwa sababu atakuwa na mwenyeji, hatakuwa mtu aliyeokotwa tu. Je, ulimkaribisha?"

Nilinyamaza.

Nilimfikiria mwanangu Brayson yuko chuo Arusha, na kazi yangu, na mama alivyo mzee. Nilimfikiria Hadija, ambaye asubuhi hii nimemwacha uani na mama wanachambua maharage, ameniuliza kama nitarudi na mama yake. Nje niliwasikia watu wanaongea habari za mvua. Koplo hakunihimiza.

Kisha nikajibu: Ndiyo. Nilimkaribisha.

Nimeomba iandikwe kwamba nilinyamaza kwanza, na kwamba hakuna aliyenilazimisha kujibu.

Niliyoyaeleza ni haya. Nimesomewa, nimeyasikia yote, na sitaki lipunguzwe hata moja.

Sahihi ya shahidi: G. L. Hhando

Maelezo ya mwandikaji: Mimi Koplo Wilson Lekakeny nimeyaandika maelezo haya kwa Kiswahili kama shahidi alivyoyatamka, na nikamsomea. Nilimshauri aondoe sehemu ya kunyamaza kwa kuwa si jibu la swali. Amekataa. Imebaki. Shahidi ameambiwa asiondoke kituoni. Ameomba mtu ampelekee mtoto Hadija habari kwamba mama yake anaye mwenyeji.